Kuchagua Vifaa Vinavyopatana kwa Seva ya Kuhifadhi Faili Nyumbani

Katika mada zilizotangulia ulijifunza sehemu za kompyuta moja moja: prosesa, RAM, diski na pawasaplai. Mada hii inauliza swali gumu zaidi kidogo: sehemu hizo zikiwekwa pamoja, zitapatana?

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza maana ya upatanifu wa vifaa;
(b) kutumia maswali manne kukagua kifaa kabla ya kukinunua;
(c) kukokotoa ujazo, kasi na umeme unaohitajika;
(d) kutofautisha diski pacha na nakala rudufu.

1. Seva ya kuhifadhi ni nini?

Seva ya kuhifadhi ni kompyuta inayotunza faili na kuzitoa kwa kompyuta na simu nyingine kupitia mtandao. Ya nyumbani haihitaji kuwa mashine kubwa. Watu wengi huanza na kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika, kisha huongeza diski na RAM. Njia hii ina unafuu wa bei, lakini ndiyo yenye mitego mingi, kwa sababu unaunganisha vifaa vya miaka tofauti vilivyotengenezwa kwa kazi tofauti.

Kwa nini jambo hili ni zito? Ukikosea kuchagua spika, utapoteza fedha. Ukikosea kwenye seva ya kuhifadhi, unaweza kupoteza picha za harusi ya wazazi, hati za shamba zilizopigwa skana na kazi zako za miaka minne. Fedha hutafutwa tena. Picha ya marehemu babu haipigwi upya.

2. Maswali manne ya upatanifu

Upatanifu ni hali ya vifaa viwili au zaidi kufanya kazi pamoja bila kuzuiana wala kuharibiana. Kila unapotaka kununua kifaa, jiulize:

1. *Je, kinaingia?* Hili ni swali la umbo: ukubwa, pini na matundu.
2. *Je, kinaelewana na vingine?* Hili ni swali la kanuni za mawasiliano kati ya vifaa.
3. *Je, umeme unafaa na unatosha?* Angalia volti, wati na idadi ya plagi.
4. *Je, kinamudu kazi?* Angalia ujazo na kasi.

Wanunuzi wengi huishia kwenye swali la kwanza. Kifaa kikiingia, wanaamini kazi imekwisha. Shika kanuni hii: kuingia si kupatana. Mifano ifuatayo inaonyesha sababu.

3. Kukagua sehemu moja moja

*3.1 Prosesa na ubao mama*

Ubao mama ni bodi ambayo sehemu nyingine zote huunganishwa kwake. Prosesa hukaa kwenye soketi yake maalumu. Soketi ya Intel iitwayo LGA 1151 ni mfano mzuri wa mtego. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 zinatumia soketi hiyo, na za kizazi cha 8 na cha 9 pia zinaitumia. Hata hivyo, prosesa ya kizazi cha 8 ikiwekwa kwenye ubao uliotengenezwa kwa kizazi cha 6, haitawaka ingawa imekaa sawasawa. Jina la soketi ni lile lile, lakini matumizi ya baadhi ya pini na programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao ni tofauti.

Cha kufanya: soma namba ya ubao, kisha tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika iliyotolewa na mtengenezaji wa ubao huo. Ukinunua kompyuta nzima iliyotumika, prosesa na ubao vimekwisha kupatana. Usivitenganishe bila sababu.

*3.2 RAM*

Kila kizazi cha RAM kina umbo lake na volti yake:

- DDR3: pini 240, volti 1.5
- DDR4: pini 288, volti 1.2
- DDR5: pini 288, volti 1.1

DDR4 na DDR5 zina idadi sawa ya pini, lakini pengo la katikati halikai mahali pamoja, hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Usitumie nguvu.

Mtego mkubwa zaidi ni RAM iliyotolewa kwenye seva za makampuni, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Nyingi ni RAM za rejista, zenye kifaa kidogo cha ziada kinachopokea amri kabla hazijafika kwenye chipu za kumbukumbu. RAM ya rejista ya DDR3 ina pini 240 na pengo mahali pale pale kama RAM ya kawaida. Itaingia, lakini kompyuta ya kawaida haitawaka. Angalia kibandiko: namba inayoishia na R, kama PC3-12800R, ni ya rejista, inayoishia na U ni ya kawaida.

*3.3 Diski*

Diski za nyumbani hutumia kiunganishi cha SATA. Diski nyingi za seva kubwa hutumia SAS, ambacho kinafanana na SATA kwa mtazamo wa haraka. Uhusiano wao ni wa upande mmoja: diski ya SATA inaweza kufanya kazi kwenye mfumo wa SAS, lakini diski ya SAS haifanyi kazi kwenye tundu la SATA la ubao wa kawaida.

Jambo la pili ni ukomo wa ujazo. Mfumo wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR hutumia namba za biti 32 kuhesabu sekta, na sekta moja huhesabiwa kuwa na baiti 512. Hivyo:

2³² × 512 = baiti 2,199,023,255,552

Hii ni takriban TB 2.2. Diski ya TB 4 ikigawanywa kwa MBR, karibu nusu yake haitatumika. Suluhisho ni kutumia mfumo wa GPT.

Jambo la tatu: baadhi ya diski huandika njia za data zikipandiana kama vigae vya paa. Aina hii huitwa SMR. Inatosha kwa kutunza vitu visivyobadilika, lakini huwa nzito sana inapoandikwa mfululizo kwa muda mrefu. Kwa seva yenye diski zaidi ya moja, chagua aina ya CMR, ambayo njia zake hazipandiani.

*3.4 Umeme*

Umeme wa majumbani kwetu ni kati ya volti 230 na 240. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Mashine iliyotoka nchi inayotumia volti 120, kama Marekani, inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka ukutani hivyo, pawasaplai itaungua papo hapo. Kagua swichi hiyo kabla ya kuwasha.

Diski ya inchi 3.5 hula umeme mwingi zaidi sekunde chache za mwanzo inapoanza kuzunguka. Kadiria wati 25 kwa kila diski wakati huo, na wati 5 hadi 8 baada ya hapo. Hesabu pia plagi za umeme wa SATA, kwa sababu kila diski inahitaji mbili: moja ya data na moja ya umeme. Tena, kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai yenye umbo au plagi zisizofuata kiwango cha kawaida cha ATX. Ikifa, huenda usiweze kuweka yoyote utakayoikuta dukani.

*3.5 Mtandao*

Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, na faili hupimwa kwa baiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo:

Megabiti 100 kwa sekunde ÷ 8 = megabaiti 12.5 kwa sekunde
Megabiti 1,000 kwa sekunde ÷ 8 = megabaiti 125 kwa sekunde

Diski ya kawaida inaweza kusoma megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde. Ukiiunganisha kwa ruta ya megabiti 100, umefunga mpira mwembamba kwenye bomba nene. Kumbuka pia kuwa kasi ya megabiti 1,000 inahitaji nyaya zote 8 ndani ya kebo. Kebo ikiwa na nyaya 4 tu zinazofanya kazi, kasi hushuka hadi 100.

4. Mfano wa swali na jibu

*Swali.* Familia ina kompyuta ya ofisini iliyotumika. Ubao wake una matundu 4 ya SATA na nafasi 2 za DDR3, moja ikiwa wazi. Mtandao wake ni wa megabiti 1,000. Pawasaplai ni ya wati 240 na ina plagi 3 za umeme wa SATA: moja imeunganishwa na SSD yenye mfumo endeshi, moja na kisomeo cha DVD, na moja iko wazi. Sehemu nyingine zote za kompyuta zinakula hadi wati 110. Familia ina faili za TB 1.4 na inataka diski 2 zinazotunza kitu kimoja. Chagua vifaa kutoka orodha hii na utoe sababu:

A. Diski 2 za SATA za TB 4
B. Diski 2 za SAS za TB 4, bei nafuu kuliko A
C. RAM ya DDR4, GB 8
D. RAM ya DDR3, GB 8, kibandiko PC3-12800U
E. RAM ya DDR3, GB 16, kibandiko PC3-12800R, bei nafuu kuliko D
F. Swichi ya mtandao ya megabiti 100
G. Swichi ya mtandao ya megabiti 1,000

*Jibu.* Vifaa vinavyofaa ni A, D na G.

*Diski:* B haifai kwa sababu ubao una matundu ya SATA tu. Matundu ya data yanatosha, lakini SSD na diski 2 mpya zinahitaji plagi 3 za umeme, na iliyo wazi ni moja. Seva haihitaji kisomeo cha DVD kila siku, hivyo kichomolewe. Plagi yake itatumika kwa diski ya pili, na nafasi yake ya inchi 5.25 itaipokea diski hiyo kwa kutumia fremu ya kushikizia.

*Wati:* 110 + (2 × 25) = 160. Ni chini ya 240, hivyo umeme unatosha.

*RAM:* C haiingii. E inaingia lakini haipatani. D inaingia na inapatana.

*Mtandao:* TB 1.4 ni sawa na megabaiti 1,400,000.
Kwa F: 1,400,000 ÷ 12.5 = sekunde 112,000, yaani takriban saa 31.
Kwa G: 1,400,000 ÷ 125 = sekunde 11,200, yaani takriban saa 3. Kwa vitendo muda huzidi kidogo.

*Ujazo:* Diski mbili zikitunza kitu kimoja, ujazo unaotumika ni wa diski moja, TB 4, si 8. Diski hizo zigawanywe kwa GPT. Baadhi ya mifumo endeshi itaonyesha takriban 3.64 kwa sababu inahesabu kwa 2⁴⁰ badala ya trilioni moja. Hujaibiwa.

5. Zingatia: diski pacha si nakala rudufu

Mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja huitwa RAID. Jina hilo lilienea kutokana na andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 1, diski moja ikifa, nyingine inaendelea.

Lakini mdogo wako akifuta folda kwa bahati mbaya, itafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Virusi vikiharibu faili, vitaziharibu pande zote. Mwizi akibeba kompyuta, atabeba diski zote. RAID inakulinda dhidi ya kifo cha diski moja, basi. Kwa hiyo bajeti ya seva haijakamilika bila diski ya nje ya kuweka nakala nyingine, ikatunzwe nyumba nyingine kama inawezekana. Fedha zikiwa chache, ni bora diski moja ndani ya seva na moja ya nje kuliko mbili ndani na hakuna nje.

6. Maswali ya kujipima

1. Taja maswali manne ya upatanifu.
2. Eleza kwa nini kuingia kwa RAM kwenye nafasi yake hakuthibitishi kwamba inafaa.
3. Seva inakula wastani wa wati 35 na haizimwi. Itatumia uniti ngapi kwa siku 30?
4. Kompyuta ina matundu 6 ya SATA na plagi 2 za umeme wa SATA. Bila kuongeza kifaa kingine, itachukua diski ngapi za SATA?
5. Jirani anasema, "Nina RAID 1, sihitaji nakala rudufu." Mpe sababu mbili za kumpinga.

*Majibu kwa ufupi:* (1) Angalia sehemu ya 2. (2) RAM ya rejista ina umbo sawa na ya kawaida lakini haielewani na ubao wa kawaida. (3) 35 × 24 × 30 ÷ 1,000 = uniti 25.2. (4) Mbili, kwa sababu kila diski inahitaji plagi ya data na ya umeme. (5) Kufutwa kwa bahati mbaya na wizi. Virusi pia ni jibu sahihi.