Elimu ya Kutenga, na Deni la Mwenye Kutenga

Katika vitu vyote ambavyo mkono wa mwanadamu hukutana navyo tangu alfajiri hata usiku wa manane, vile ambavyo mtaalamu wa kemia angekubali kuviita safi ni haba mno: hewa tuivutayo ni mkusanyiko wa gesi kadha wa kadha, maji ya kisima yamebeba chokaa na chumvi za ardhi, udongo ni vumbi la mawe lililochangamana na mabaki ya majani na wadudu, na hata pete ya dhahabu anayovikwa bibi arusi aghalabu imetiwa shaba au fedha ili ipate ugumu. Maumbile hayana desturi ya kutupa kitu kikiwa peke yake. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ustadi wa binadamu, kuanzia jikoni hata viwandani, imekuwa ni kutenga. Na makala haya yakusudia kueleza kutenga huko kunasimama juu ya msingi gani, na kunamwachia mwenye kutenga wajibu gani.

Wataalamu huigawa maada katika matabaka matatu. La kwanza ni elementi, ambazo hadi leo zimetambuliwa 118, na katika hizo zebaki na bromini ndizo mbili tu zilizo kioevu katika joto la kawaida. La pili ni kampaundi, ambamo atomu za elementi mbalimbali zimefungamana kwa kiasi maalumu kisichobadilika, hata kila moja ikapoteza tabia yake ya asili: sodiamu ni metali laini iliyo kali mno mbele ya maji, klorini ni gesi ya sumu ichomayo mapafu, lakini zikiungana huwa chumvi ya mezani, ambayo haina ukali wa ile wala sumu ya hii. La tatu ni mchanganyiko, nao ndio mada yetu. Humo vitu hukaa pamoja pasipo kufungamana, kwa kiasi chochote kile, na kila kimoja huendelea kushika uzito wake, rangi yake, kiwango chake cha kuchemka, na mwenendo wake mbele ya maji, moto au sumaku.

Kutokana na tofauti hii yazaliwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kampaundi haivunjiki ila kwa badiliko la kikemia, ambalo hugeuza vitu vikawa vingine, ilhali mchanganyiko hufumuliwa kwa sifa za kimaumbile peke yake. Maadamu vitu viwili vinatofautiana katika sifa moja tu, kwa yule mwenye kuijua sifa hiyo ipo njia ya kuvitenga. La pili, ambalo ni rahisi kulisahau, ni kwamba kitu kilichotengwa kwa njia hiyo hakikugeuka wala hakikuteketea. Kimehamishwa tu, na kama hakiko huku sharti kiko kule.

Usafi nao una mizani yake. Maji yaliyokenekwa, yakichemshwa pwani penye usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na kubaki papo hapo hata tone la mwisho. Bali maji ya chumvi huanza kuchemka juu kidogo ya hapo, na kadiri maji yanavyotoka na chumvi kuzidi nguvu, ndivyo kiwango hicho kinavyozidi kupanda. Kitu safi husimama kwenye alama yake, na mchanganyiko hutangatanga.

Tuanze na bahari, kwa kuwa watu wa mwambao wameifanyia kazi kwa karne nyingi. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari kuu mna takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na katika hizo ile tuitiayo chakula ni kama gramu 27. Zilizosalia ni za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na wenziwe. Mgeni apitaye kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, au yale ya Bagamoyo na Lindi, huenda akadhani kwamba kazi pale ni kungoja jua tu. Lau ingekuwa hivyo, chumvi yetu ingekuwa chungu isiyolika. Maji huingizwa katika majaruba mapana yenye kina kifupi, yakapashwa na jua na kupigwa na upepo, kisha yakahamishwa kutoka jaruba hili hadi lile kadiri yanavyokolea. Na katika kila hatua kitu fulani hufikia kikomo cha kuyeyuka kwake na kutulia chini. Hutangulia chokaa. Yakishatoka maji kama sehemu nne katika tano, hufuata jasi, ile ile itumiwayo kwa kupigia lipu. Chumvi ya chakula yenyewe husubiri mpaka yamekwisha toka kama sehemu tisa katika kumi, ndipo huanza kujenga fuwele zake zenye pembe nne nne, nyeupe, zilizopangika tabaka juu ya tabaka. Na hapa ndipo ujuzi wa mfanyakazi unapodhihirika, kwani hayaachi maji yakauke kabisa: yale machache yaliyobaki yamejaa magnesiamu, ladha yake ni uchungu mtupu, na sharti yaondolewe kabla hayajaiharibu chumvi aliyokwisha ivuna. Kutenga kwake ni kujua wakati wa kuanza na wakati wa kukoma.

Chumvi na maji hutengwa kwa sifa moja, ya kuyeyuka na kuvukizwa. Iko michanganyiko inayodai sifa mbili au tatu zifuatane, na mfano mzuri tumeushuhudia kusini ya Mombasa, katika mchanga wa Kwale, uliochimbwa kwa ajili ya madini yake, yakaanza kusafirishwa kupitia Likoni mwaka 2014, hata uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Ukiuteka mchanga ule kiganjani utaona punje nyingi za kawaida, za kwazi, na kati yake punje ndogo nyeusi, nyekundu na zing'aazo: ilmenaiti na rutaili, ambazo ndimo hutoka titani na ile rangi nyeupe ya kupakia nyumba, na zirkoni, itumiwayo katika vigae na vyombo vya kauri. Kwa macho na vidole kazi ya kuzichambua isingekwisha maisha. Kwanza, basi, mchanga ulioloweshwa maji hutelemshwa katika mifereji iliyopindwa mzunguko baada ya mzunguko. Kwa kuwa ujazo mmoja wa kwazi una uzito wa mara 2.65 ya maji, na madini yale huzidi mara 4, punje nzito hushika njia ya ndani karibu na nguzo, na nyepesi husukumwa na maji kwenda ukingoni. Zikishakaushwa, hupitishwa mbele ya sumaku zenye nguvu, nayo ilmenaiti, yenye chuma ndani yake, hufuata mvuto, na zile nyingine hazishughuliki.

Hubaki rutaili na zirkoni, ambazo sumaku haizibagui na uzito wake umekaribiana. Hapo hutumiwa umeme. Punje hunyunyizwa juu ya pipa la chuma lizungukalo, lililounganishwa na ardhi, zikatiwa chaji kutoka waya wenye umeme mkali. Rutaili, kwa kuwa hupitisha umeme, huiachia chaji yake mara moja na kurushwa mbele, bali zirkoni, isiyoupitisha, hubaki na chaji yake na kulishikilia pipa hata ikafagiliwa upande wa pili kwa brashi. Uzito, sumaku, umeme: masuala matatu yameulizwa, na kila punje imejibu kwa tabia yake, pasipo hata moja kuvunjwa au kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Pemba nako kuna somo lake. Mafuta ya karafuu, ambayo hutolewa pia katika makonyo yaliyobaki baada ya kuchambuliwa kwa karafuu zenyewe, kwa sehemu kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli, kinachochemka kwenye nyuzi 254 hivi, joto ambalo lingeyaunguza makonyo na kuharibu manukato. Lakini vioevu viwili visivyochanganyikana, vikichemshwa pamoja, kila kimoja hutoa msukumo wa mvuke wake, na misukumo hiyo hujumlishwa. Kwa hivyo mvuke wa maji ukipitishwa katika makonyo huyachukua mafuta na kutoka nayo katika joto lisilofika hata nyuzi 100. Mvuke huo ukipozwa katika mrija hurudi kuwa maji na mafuta, na hapo tofauti ya uzito humaliza kazi: kinyume cha mafuta mengi tuyajuayo, ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama, yakachukuliwa kwa chini.

Isidhaniwe kwamba elimu hii ni ya viwanda na mapato tu, kwani imewahi kufichua yaliyokuwa yamefichika kwa wataalamu wote. Lord Rayleigh wa Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya 1890, aliona kwamba lita moja ya naitrojeni iliyotolewa hewani ina uzito wa gramu 1.257, na ile iliyotengenezwa kwa kampaundi gramu 1.251. Tofauti ni ndogo kiasi ambacho mwingine angeilaumu mizani yake na kupita. Yeye hakupita, na pamoja na William Ramsay, mwaka 1894, alitangaza kwamba katika ile naitrojeni iliyodhaniwa safi mlikuwa na gesi nyingine isiyoungana na kitu, waliyoiita agoni, ambayo ni karibu sehemu moja katika mia ya hewa yote. Miaka minne baadaye Ramsay na Morris Travers, kwa kuchemsha taratibu hewa iliyokwisha pozwa ikawa kioevu, walitenga neoni, kriptoni na zenoni. Basi neno usafi lina maana ya usafi kwa kadiri tulivyopima, na aongezaye makini ya kipimo huenda akakuta wawili palipodhaniwa mmoja.

Nimeliacha mwisho lile jambo la pili, la kwamba kilichotengwa hakipotei, kwa sababu lina uhai wa watu ndani yake. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya husaga mawe kwenye karasha, kisha wakaosha unga wake kwa maji, wakitegemea kwamba dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji na haichukuliwi upesi na mkondo. Punje zilizo ndogo mno, hata hivyo, hupeperuka na maji, na ili kuzinasa hutiwa zebaki, ambayo huikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga. Donge lipatikanalo huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu haishtuki kwa joto hilo, na wawili hao huachana. Kwa kanuni ya kutenga, kazi ni kamili. Ila zebaki iliyoondoka haikuteketea: imeingia kifuani mwa aliyechoma na mwa mkewe na mwa mtoto aliye karibu, ikadhuru mishipa ya fahamu, na iliyobaki katika marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, hufuata mto hadi kwa samaki. Mji wa Minamata huko Japani, ambako maradhi yaliyoletwa na zebaki ya kiwanda yalitambuliwa mwaka 1956, ndio ulioupa jina mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kuipunguza zebaki duniani.

Iko njia ya kuchenjua dhahabu bila zebaki kwa mifereji na meza za kutikisa zilizotengenezwa vyema, nayo ndiyo ya kukimbiliwa. Na pale ambapo zebaki bado haijaachwa, dawa ya dharura imo ndani ya elimu hii hii: donge lichomwe katika chombo cha chuma kilichofungwa, chenye mrija upitao katika maji baridi, kwa kanuni ile ile ya kukeneka itumikayo Pemba, na mvuke utarudi kuwa zebaki itakayotumika tena badala ya kuvutwa puani. Gharama ya chombo hicho ni ndogo mbele ya pumzi ya mtu. Kwa hivyo naona haitoshi kumfundisha mwanafunzi majina ya njia za kutenga, kuchuja na kukeneka na nyinginezo, akazikariri na kufaulu mtihani. Aulizwe katika kila jaribio amepata nini na kwa sifa gani, kisha aulizwe, kwa uzito ule ule, kilichobaki kiko wapi sasa, na nani atakutana nacho.