Unyeti wa Vigunduzi vya Rada: Ulinganisho na Taa za Madereva wa Barabara ya Kangundo

Utangulizi

Neno ‘nyeti’ limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya jambo linalohitaji uangalifu, kama vile suala nyeti au taarifa nyeti. Katika taaluma ya elektroniki, nomino ‘unyeti’ ina maana finyu zaidi: ni uwezo wa kifaa kuhisi ishara dhaifu. Kifaa kimojawapo kinachouzwa kwa sifa hiyo ni kigunduzi cha rada, yaani kipokezi kidogo kinachowekwa garini ili kumtahadharisha dereva kwamba kasi inapimwa mbele yake. Makala haya yanafafanua jinsi unyeti wa vigunduzi hivyo unavyolinganishwa, kisha yanaulinganisha na mbinu nyingine ya tahadhari iliyozoeleka katika barabara za Kenya, ikiwemo ile ya Kangundo inayopita Njiru, mashariki mwa Nairobi. Mbinu hiyo ni kumulika taa. Hoja ya msingi ni kwamba unyeti haupimwi kwa umbali pekee. Hupimwa pia kwa kile kinachohisiwa.

Rada na mwangwi wake

Kipima-kasi cha rada hutuma mawimbi ya redio yanayoligonga gari na kurudi. Gari likiwa linakaribia, mawimbi yanayorejea huwa na masafa ya juu kidogo kuliko yale yaliyotumwa. Kanuni hii ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Kwa kipima-kasi cha gigahezi 24.15, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huzalisha tofauti ya takriban hezi 3,600, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa tarakimu ya kasi.

Kigunduzi hupata nafasi ya kutangulia kwa sababu mawimbi hukifikia kwa safari ya kwenda tu, ilhali kipima-kasi husubiri mwangwi. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayokifikia kigunduzi hupungua hadi robo; ile ya mwangwi unaomrudia polisi hupungua hadi sehemu moja ya kumi na sita.

Vigezo vya ulinganisho

Kigezo cha kwanza ni umbali. Vipima-kasi hutumia kanda mbalimbali za masafa: ukanda wa X kwenye gigahezi 10.525, ukanda wa K kwenye takriban gigahezi 24, na ukanda wa Ka kati ya gigahezi 33.4 na 36. Kigunduzi kinaweza kuwa hodari katika ukanda mmoja na kiziwi katika mwingine, kwa hiyo ulinganisho wa haki hufanywa ukanda kwa ukanda. Unyeti hupimwa kwa desibeli. Kigunduzi kinachokizidi kingine kwa desibeli 6 huhisi mawimbi yale yale kwa umbali maradufu mahali palipo wazi. Maendeleo makubwa yalipatikana mwaka 1978 kilipotokea kifaa cha Escort nchini Marekani, ambacho kiliyachanganya mawimbi yanayoingia na mawimbi kiliyoyazalisha chenyewe. Hata hivyo, mbinu hiyo ina gharama yake. Sehemu ya mawimbi hayo huvuja nje, na katika jimbo la Virginia, ambako vigunduzi vimepigwa marufuku, polisi wanaweza kukinasa kigunduzi chenyewe.

Kigezo cha pili ni uteuzi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Milango ya kujifungua ya maduka makubwa na vihisio vya baadhi ya magari ya kisasa hutumia masafa yaliyo karibu na ukanda wa K. Kigunduzi chenye unyeti mwingi bila uteuzi hulia mara kwa mara pasipo sababu, hadi dereva akakipuuza siku kinaposema kweli.

Kigezo cha tatu ni muda. Vipima-kasi vya leza hutumia mwale mwembamba ambao, kwa umbali wa mita 300, huwa na upana wa takriban mita moja tu, na hukamilisha kipimo kwa muda usiofika sekunde moja. Kigunduzi kinapolia, aghalabu kasi imekwisha kusomwa. Hapa unyeti, hata uwe mkubwa kiasi gani, humfikia dereva baada ya tukio.

Taa kama kigunduzi

Njiru ina soko, steji za matatu, bodaboda, na malori ya mawe yanayotoka katika matimbo. Dereva anayetoka Ruai akiwaona polisi huwamulikia taa wale wanaoelekea huko. Kwa kigezo cha muda, ishara hii yaweza kuishinda mitambo, kwani hutoka kwa mtu aliyekwisha kupita mahali penyewe, na haijali kama kinachotumiwa ni rada au leza.

Udhaifu wake ni wa kiisimu. Mmuliko wa taa ni ishara yenye maana nyingi: waweza kumaanisha ‘pita’, ‘nipishe’, ‘kuna ajali mbele’, ‘mlango wako haujafungwa’, au salamu tu. Muktadha ndio unaoteua maana. Isitoshe, mtoaji hachagui mpokeaji. Taa inayomwonya dereva wa matatu humwonya pia mwizi aliye ndani ya gari la wizi.

Kilichosahaulika

Kanuni zilizohusishwa na Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyawekea magari ya abiria vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hakihisi chochote. Kwake nyika na soko ni mamoja. Sheria ya Trafiki, kwa upande wake, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Tofauti hiyo si ndogo. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kukanyaga breki huwa amekwenda mita 21 akiwa kwenye kasi ya 50, na mita 33 akiwa kwenye 80. Nguvu ya mgongano nayo huzidi mara mbili na nusu. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani zaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya mwaka 2023, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi.

Hitimisho

Kigunduzi bora ni kile kinachohisi mbali, kinachoteua vizuri na kinachomwachia dereva muda. Kwa vigezo hivyo, taa za madereva hushindana na mitambo bila aibu. Lakini vyote viwili humhisi polisi. Hakuna kinachomhisi mtoto anayevuka barabara kuelekea soko la Njiru. Mtoto huyo hatumi mawimbi yoyote, na anayeweza kumgundua ni dereva mwenye macho mbele na mguu mwepesi juu ya breki.