Gramu 50 Zinavyokula Dakika 7 za Droni

Katika Starfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa na Paizo mwaka 2017, mhusika fundi anaweza kuwa na droni inayotii amri zake. Huchagua bodi moja kati ya tatu: ya mapigano, ya kuelea au ya kujificha. Nyongeza anazoruhusiwa kuifungia ni chache, na huongezeka kadiri anavyopanda ngazi. Mchezaji anaweza kuuona ukomo huo kuwa uonevu. Hesabu za droni halisi zinaonyesha kuwa ni haki.

Bei ya gramu

DJI Mini 2 ina uzito wa gramu 249 na, kwa vipimo vya mtengenezaji, hukaa hewani hadi dakika 31. Uzito ukiongezeka, nguvu ya kuifanya ielee huongezeka kwa kasi zaidi: asilimia 20 ya uzito hudai takriban asilimia 31 ya nguvu. Ifungie taa na kipaza sauti vya gramu 50, na dakika 31 zinashuka hadi 24 hivi, hata kabla vifaa hivyo havijagusa umeme wa betri.

Kuongeza betri ya pili hakumalizi tatizo. Betri yenyewe ina gramu 80 na kitu. Nishati inakuwa maradufu, lakini muda unafika dakika 40 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati mpya inatumika kuibeba betri hiyo.

Mizani ya Itetemia

Sheria hiyo inazibana hata droni za mizigo. Mwaka 2018 matokeo ya majaribio ya kampuni za DHL na Wingcopter na shirika la GIZ ya kupeleka dawa kwa droni katika Ziwa Victoria yalitangazwa. Droni ilibeba hadi kilo 4 na kuvuka kilomita 60 hadi kisiwa cha Ukerewe kwa wastani wa dakika 40. Njia ya nchi kavu ni kilomita 240, mwendo wa saa sita.

Sasa ihamishie droni hiyo Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora. Kutoka Tabora hadi Sikonge ni takriban kilomita 68 kwa mstari ulionyooka. Kwa kasi ile ile, droni ingefika kwa dakika 45. Kilomita 8 za ziada zingetoka kwenye akiba ya betri au kwenye mzigo. Ukiifungia na kamera nzito, dawa zinapungua.

Eneo hili la Tabora liliujua ukomo wa mzigo tangu zamani. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba hadi frasila mbili, yaani kilo 32, na juu yake mkeka na sufuria yake. Mwaka 1871 msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley ulitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, kilomita 845 hivi: wastani wa kilomita 10 kwa siku. Mzigo wa pagazi mmoja ungehitaji safari nane za droni ya Ukerewe. Droni imeshinda kwa kasi. Kwa uzito, pagazi bado yuko mbele.

Kanuni ya mezani

Kwa hiyo, mwendesha mchezo, usiwafungulie wachezaji mlango wa kuongeza kila kitu. Weka sharti moja: kila nyongeza itaje inachopunguza, iwe dakika, kilomita au kilo. Nawe mchezaji, chagua kwanza kazi ya droni yako, ndipo uifungie vifaa.