Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungia ndoa nchi za nje

KWA miaka mingi harusi ya Mkenya ilikuwa na mahali pake panapojulikana: kanisani, msikitini au afisini kwa msajili, kisha nyumbani kwa wazazi ambako wageni hukaribishwa chini ya mahema. Siku hizi baadhi ya wapenzi wenye uwezo huamua kuvuka mipaka. Kuna wanaochagua fuo za Zanzibar, wengine visiwa vya Shelisheli, na wale walio na jamaa ughaibuni hufunga pingu za maisha Uingereza, Marekani au Milki za Kiarabu.

Picha za siku hiyo huwa za kupendeza. Hata hivyo, wapo wanaogundua wakiwa wamechelewa kwamba sherehe na ndoa ni mambo mawili tofauti.

Chukua mfano wa wapenzi wanaoapishwa ufuoni na mfanyakazi wa hoteli, wakavishana pete na kukabidhiwa karatasi iliyopambwa kwa maua. Miaka kadhaa baadaye mume anafariki. Mjane anapokwenda mahakamani kuomba kusimamia mali ya marehemu, anatakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa mke wake. Karatasi aliyo nayo haina nambari ya usajili wala muhuri wa serikali yoyote. Shemeji zake wakiamua kumkana, itambidi atafute mashahidi wa kueleza kwamba wawili hao waliishi kama mume na mke.

Njia hiyo si rahisi. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kuwa dhana ya ndoa, yaani kuwahesabu watu kuwa wameoana kwa sababu tu wameishi pamoja, inafaa kutumiwa kwa nadra. Kwa hivyo, swali la kwanza kwa maharusi halihusu rangi ya maua wala ukumbi, bali cheti.

Sheria inasemaje?

Ndoa nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ambayo inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Sheria hiyo pia inatambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi, mradi ilifungwa kwa kufuata sheria za nchi husika, na wahusika walikuwa na uwezo wa kisheria wa kuoana.

Maana yake ni kwamba Kenya hutazama kwanza yale yaliyofanyika kule. Ikiwa nchi ya ugenini haikuitambua sherehe hiyo kuwa ndoa, hakuna cha kutambuliwa nyumbani.

Uwezo wa kuoana nao una masharti yake. Kila mmoja lazima awe ametimiza umri wa miaka 18, na wawili hao wasiwe na udugu uliokatazwa. Aidha, aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kukwepa sheria kwa kupanda ndege. Ndoa ya pili itakuwa batili hata ikifungwa ng'ambo, hadi ile ya kwanza itakapovunjwa na mahakama.

Ni kwa sababu hiyo nchi nyingi humtaka mgeni awasilishe cheti cha kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Kwa Mkenya, cheti hicho hutolewa na Msajili wa Ndoa, ambaye afisi yake iko chini ya Mwanasheria Mkuu. Aliyewahi kutalikiana huhitaji pia amri ya mahakama ya kuvunja ndoa ya awali, na mjane au mgane cheti cha kifo cha mwenzake.

Baadhi ya nchi hudai stakabadhi hizo zithibitishwe na Wizara ya Masuala ya Kigeni na ubalozi wa nchi inayokusudiwa, na zitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa. Majina katika pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho sharti yalingane. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuwarudisha maharusi Nairobi.

Kila nchi na taratibu zake

Tofauti za sheria baina ya nchi ni kubwa. Nchini Ufaransa, mmoja wa wapenzi, au mzazi wake, lazima awe na makazi katika eneo ambako ndoa itafungwa. Anayetegemea kukaa huko kwa muda hutakiwa awe ameishi angalau siku 30 mfululizo, na tangazo la ndoa hubandikwa kwa siku 10. Nchini Uingereza, anayeingia kwa ziara fupi ili kuoa huhitaji viza maalumu ya ndoa. Viza ya kawaida ya matembezi haitoshi. Abu Dhabi nayo ilianzisha ndoa za kiserikali kwa wasio Waislamu kupitia sheria ya mwaka 2021.

Hata kwa majirani mambo si sawa na yanavyodhaniwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inayotaka msajili ajulishwe siku 21 mapema, hutumika Tanzania Bara pekee. Zanzibar ina sheria na wasajili wake. Mpenzi anayeuliza maswali Dar es Salaam kisha akaelekea Unguja anaweza kujikuta ameulizia mahali pasipohusika.

Wanaofuata dini wana hatua nyingine. Kanisa Katoliki hutaka ruhusa ya paroko iwapo ndoa itafungwa nje ya parokia ya maharusi, na kwa kawaida ndoa hiyo hufungwa kanisani, si ufuoni. Kwa Waislamu, nikahi huhitaji walii wa bi harusi na mashahidi wawili. Iwapo baba hawezi kusafiri, anaweza kumteua wakili wa kumwozesha bintiye, na jambo hilo ni vyema lipangwe mapema badala ya kutafutana kwa simu asubuhi ya harusi.

Safari yenyewe

Mipango si matumizi, walisema wahenga. Viza ya nchi za Schengen huweza kuombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na haifai kuachwa hadi wiki za mwisho. Anayesafiri kutoka Kenya kwenda Tanzania hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa.

Majira pia yana uzito wake. Masika hunyesha Zanzibar kuanzia Machi hadi Mei, na vuli huja mwishoni mwa mwaka. Katika mwezi wa Ramadhani, karamu ya mchana hadharani visiwani humo haifai, kwani wenyeji wengi huwa wamefunga.

Halafu kuna wazee. Nyanya asiye na pasipoti, mjomba aliyesimamia mazungumzo ya mahari na majirani waliotoa mchango watabaki nyumbani. Wengi wao hawatalalamika hadharani, lakini kinyongo kinaweza kudumu. Ndiyo maana ni busara posa na mahari zimalizwe kabla ya safari, na wazazi waelezwe mapema ni nani atakayelipiwa nauli.

Njia iliyo rahisi

Kwa wengi, njia isiyo na matatizo ni kufunga ndoa ya kisheria hapa nchini kwanza. Msajili hujulishwa siku 21 kabla, mashahidi wawili hutia sahihi, na cheti hutolewa. Baada ya hapo maharusi wako huru kusafiri na kusherehekea ufuoni wapendavyo. La muhimu ni kuwaarifu wenyeji wao kwamba tayari wameoana, ili sherehe ichukuliwe kuwa ya baraka na shangwe tu.

Wanaoamua kufungia ndoa hukohuko ng'ambo wanashauriwa kuomba nakala kadhaa za cheti zilizothibitishwa kabla ya kuondoka, kwani kuzifuata baadaye ni gharama. Sheria ya Kenya inaruhusu ndoa ya namna hiyo isajiliwe nchini. Cheti hicho ndicho kitakachoitishwa mke anapoomba viza ya kumfuata mumewe, au mmoja wao anapotangulia mbele ya haki.

Gauni litahifadhiwa kabatini na picha zitafifia. Kitakachosimama mbele ya hakimu ni ile karatasi yenye muhuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na ni afadhali kuuliza mapema kuliko kumwachia mjane kazi ya kuuliza peke yake.