Sherehe ya chekechea ni kesho, na wewe ndiyo kwanza unashuka Nyabugogo

KIGALI. Karatasi ya mwalimu ilikuwa ndani ya daftari la mtoto, imekunjwa mara nne. Ilisema kwamba kesho yake, saa nne asubuhi, darasa litasherehekea kufunga muhula na kukaribisha Noeli na Ubunani, na kila mtoto aje na kitu kidogo cha kula pamoja na wenzake. Karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa siku tatu nyuma. Siku hizo zote mimi nilikuwa Rusumo kikazi, na basi lilinishusha Nyabugogo saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha.

Hali hiyo wafanyabiashara wa mipakani mnaijua kuliko mimi. Anayelala Gatuna akisubiri mzigo, au anayevuka Rubavu alfajiri na kurudi giza likiingia, hapati ujumbe wa shule kwa wakati. Tangu kalenda ya shule za Rwanda irudishwe kuanza Septemba, muhula wa kwanza unafungwa Desemba, mwezi ambao biashara ya mpakani ina pilika kuliko yote. Sherehe ya chekechea, au incuke kama wanavyoiita hapa, inakukuta barabarani. Ukifika nyumbani kuna mtoto wa miaka minne anayekutazama usoni akitaka kujua kesho atabeba nini.

Wengi hukimbilia dukani kununua biskuti za paketi. Sina ugomvi na biskuti. Lakini nimewahi kuona meza ya sherehe yenye biskuti za aina moja kutoka ukuta hadi ukuta, na watoto wamezichoka kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Keki ya bekari nayo ni nzuri, ila bei yake inaweza kula faida ya safari nzima. Na mara nyingi kitu kinachotakiwa tayari kimo ndani ya mzigo wako.

Kwangu zilikuwa nazi 4 nilizonunua upande wa Tanzania, nikiwa na nia ya kupika wali. Hapa Kigali nazi ni mgeni, kwa sababu inatoka pwani na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Rusumo. Kwa mtoto wa Kigali kashata ya nazi ni kitu cha ajabu, wakati mtoto wa Tanga haigeuzii hata shingo.

Nazi 2 zinatosha darasa la watoto 30, ukikata vipande vya upana wa vidole viwili. Kama nyumbani hakuna mbuzi ya kukunia, toa nyama ya nazi uiparuze kwa kile cha kuparuzia karoti; kazi ni ndefu kidogo lakini inakwenda. Chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji, pamoja na iliki iliyotwangwa na chumvi ya kuonja tu. Shira ikianza kuvutika kama uzi, mimina nazi na ukoroge bila kuacha mpaka ikauke na kuanza kuachana na sufuria. Imwage kwenye sinia lililopakwa mafuta, ikandamize, ukate ingali moto. Ikipoa ndipo ukate, itapasuka vipande vya kila umbo na utabaki kujilaumu. Kwa watoto wadogo iepue mapema kidogo ili ibaki laini. Shira ya moto inaunguza vibaya kuliko maji, kwa hiyo msaidizi wako mdogo akae mbali na jiko. Kazi yake iwe kupanga vipande vikishapoa.

Anayetoka upande wa Uganda hana nazi, lakini ana kabalagala, na kwa maoni yangu hiki ndicho kitafunio cha haraka kuliko vyote katika ukanda wetu. Kinataka ndizi ndogo tamu zilizoiva mpaka ganda likaingia madoa meusi, zile ambazo Rwanda zinaitwa kamaramasenge na Uganda ndiizi. Ndizi za namna hiyo ndizo mteja wa Kimironko anazikataa jioni, na muuzaji anakuachia kwa bei ya kuagana. Ziponde, kisha ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, bila maji na bila sukari, mpaka donge liache kushika vidole. Sukuma unene wa nusu kidole, kata miduara kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali utaipa rangi nje na kuiacha mbichi ndani. Kukata miduara ni kazi ya mtoto, na usishangae akikataa kumwachia mtu mwingine ile glasi.

Maandazi sihitaji kumfundisha mtu. Niseme tu kwamba usiku wa namna hii si usiku wa hamira. Tumia beking pauda, vijiko vidogo 3 kwa vikombe 3 vya unga, na uyafanye madogo ya kutosha mkono wa mtoto.

Karanga ndizo zinazonipa wasiwasi. Wauzaji wengi wa mpakani wanazo, na kashata ya karanga inapendwa kila mahali kuanzia Mombasa mpaka Bukavu. Lakini wataalamu wa afya ya watoto wanashauri karanga nzima zisipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa sababu inaweza kuteleza na kuziba njia ya hewa. Bisi na peremende ngumu ziko kwenye kundi hilohilo. Ukitaka karanga, tumia zilizosagwa, zile zinazouzwa sokoni kwa ajili ya kuunga isombe. Muulize muuzaji kama zimekaangwa. Kama bado, zikaushe kwenye kikaango mpaka zinukie, kisha viringisha vipande vya ndizi ndani yake. Zenye ukungu au ladha ya uchungu zitupe zote. Baada ya Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, hakuna mfanyabiashara wa nafaka anayehitaji kuelezwa neno hilo, ila tunasahau kwamba karanga nazo hushikwa na sumu hiyohiyo. Tena, kabla ya kupeleka chochote chenye karanga, mpigie mwalimu kwanza. Wapo watoto ambao miili yao haizikubali hata kidogo, na mwalimu ndiye anayewajua.

Mwalimu huyohuyo anajua ni nani hali nini. Sisi tunakaa Nyamirambo, mtaa wa misikiti na makanisa, na katika darasa moja utamkuta mtoto wa Kiislamu, wa Kikatoliki na wa Kisabato. Zile peremende laini za kuvutika, jelatini yake huenda imetokana na nguruwe, na maandishi ya pakiti hayasemi kila mara. Nazi, ndizi na unga havimtengi mtoto yeyote mezani.

Kisha kuna suala la kufungasha, na hapa mgeni wa Rwanda hujikuta matatani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humu tangu 2008, na sheria ya 2019 iliongeza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja, kama mirija, vikombe na sahani. Rusumo nimeona mifuko ikibaki mezani kwa wakaguzi na vilivyokuwa ndani vikiendelea na safari mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo usiahidi kuleta vile vifuko vinavyong'aa ulivyoviona Kampala au Dar es Salaam. Bahasha za kaki zinapatikana kila duka la vifaa vya shule. Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto kidogo linakunjika bila kupasuka, tena halina gharama. Sisi tulitumia sinia lililofunikwa kwa kitenge safi.

Kwa atakayenunua nazi au iliki kidogo zaidi ili auzie na wazazi wengine Desemba hii, akumbuke cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa za nchi za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha, unapita bila ushuru wa forodha, na cheti chenyewe hutolewa palepale mpakani. Bado wapo wanaopita vichochoroni na nazi 10 kichwani, wakihatarisha mtaji kwa kukwepa kitu wasichodaiwa.

Tulimaliza saa tatu na nusu usiku, pamoja na kuosha sufuria, ambayo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko kupika. Kama una jioni moja tu, panga hivi: kashata zianze, kwa kuwa zinahitaji kupoa. Kabalagala zifuate, zinavumilia usiku mmoja zikifunikwa kwa kitambaa. Maandazi yasubiri asubuhi, maana yakilala yanakuwa magumu. Kashata zinakaa wiki nzima kwenye kopo lililofungwa vizuri, mradi kuna mtu mzima wa kulinda kopo.