Tarehe Zinazopotoka: Daftari la Rufiji na Mfumo Endeshi Mpya

Mwishoni mwa mwaka 1998, katika vijiji vilivyo kaskazini ya Mto Rufiji na magharibi ya delta yake, ilianza kazi ya kuandikisha kaya. Kibiti, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ilikuwamo, pamoja na Bungu na Ikwiriri. Waandikishaji walirudi kwa kila kaya mara tatu kwa mwaka, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kazi hiyo ilianzishwa chini ya mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ili fedha za afya zigawiwe kwa kufuata maradhi yanayoua watu wengi zaidi.

Daftari hilo lilitunzwa kwa programu ya HRS, iliyotokana na kazi ya kituo cha Navrongo, Ghana, na kujengwa kwa FoxPro. Microsoft iliacha kuihudumia Visual FoxPro mwaka 2015. Daftari la watu huishi miaka mingi kuliko kompyuta inayolihifadhi. Hivyo siku ya kubadili mfumo endeshi haina budi kufika.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta. Programu nyingine hupitia kwake zinapotaka kufungua faili au kuchapa. Mfumo wa zamani ukifutwa na mpya kuwekwa, usajili wa programu hizo hufutika pia. Kwa hiyo kunakili folda ya programu mara nyingi hakutoshi. Hapana budi kuisakinisha upya. Tena, Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16.

Programu ikigoma, mhusika huona mara moja. Hatari kubwa zaidi ni kosa lisilopiga kelele. Mfumo mpya waweza kufuata mpangilio wa tarehe wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa 03/04/2001, yaani tarehe 3 Aprili, akafariki tarehe 20 Aprili. Aliishi siku 17. Faili ya maandishi ikisomwa Kimarekani, kuzaliwa kwake kutakuwa tarehe 4 Machi, na umri wake siku 47. Mtoto huyo ataondoka katika hesabu ya vifo vya siku 28 za mwanzo, ambavyo kinga yake hutegemea sana huduma ya uzazi. Tarehe 25/04 itakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Lakini tarehe 132 kati ya 365 zitapita kimya kimya.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadili mfumo, data hunakiliwa mahali pawili, na nakala hujaribiwa kama inafunguka. Tarehe huandikwa kwa mwaka, mwezi, kisha siku: 2001-04-03. Matoleo ya programu huorodheshwa. Baada ya kusakinisha, idadi ya watu, ya waliozaliwa na ya waliofariki kwa kila mwezi hulinganishwa na ya awali.

Zoezi: Hesabu 132 imepatikanaje? Je, hubadilika katika mwaka mrefu?