Jinsi eksirei hupeleleza aloi nyepesi za injini za ndege
MHUNZI wa Embu au Meru anapotaka panga kali, hulitia motoni hadi liwe jekundu, kisha hulizamisha majini. Chuma ni kile kile, ila atomi zake zimejipanga upya: kimekuwa kigumu, lakini pia rahisi kuvunjika asipokipasha moto tena kwa kiasi.

Mabadiliko ya aina hiyo hutokea pia katika aloi ya titani na alumini, ambayo uzito wake ni takriban nusu ya aloi za nikeli. Aloi hiyo hutumiwa kuunda baadhi ya mapanga ya injini za GEnx, zinazoendesha ndege aina ya Boeing 787 za Kenya Airways. Inapopoa kupita takriban nyuzijoto 1,100 za Selsiasi, atomi zake hubadili mpangilio. Ikipozwa vibaya, huweza kupasuka.

Mhunzi hukadiria joto kwa kutazama rangi. Mwanasayansi huimulika aloi ingali moto kwa eksirei, na kila mpangilio wa atomi huitawanya miale hiyo kwa pembe zake maalumu. Uchunguzi wa fuwele kwa njia hiyo uliwapa William Henry Bragg na mwanawe Lawrence Tuzo ya Nobel mwaka 1915.

Hivyo mhandisi hujua aipoze kwa kasi gani, kabla abiria hawajakabidhi maisha yao kwa injini hiyo.